Deki ya Pili na Sauti ya Kofia

Walioniaga kazini walinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Kila asubuhi inaniambia kwamba nimechelewa mahali ambapo hakuna anayenisubiri. Ninyi vijana wa studio mkaniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijasahau, na hilo mkalisema mbele yangu bila aibu. Nilitabasamu, kwa sababu mtangazaji hufundishwa kutabasamu hata anaposoma tangazo la dawa ya kunguni. Haya, naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala kwa nini, maana hata walionipandisha hawakuwa na hakika. Nitawaambia habari za deki ya pili, ile mashine ya kaseti mliyokuwa mkiegeshea vikombe vya chai.

Siku ya kwanza nilifika kazini na viatu vya mchuchumio. Nilikuwa nimesikiliza redio maisha yangu yote, nikadhani watangazaji wanakaa kwenye jengo linalofanana na benki. Nikakuta ghala lililokuwa la unga, upande wa kwenda Kilakala, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na harufu ya pumba bado imo. Ndani alikuwamo mzee mmoja mrefu, mikono imejaa grisi, ameinamia mashine. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaniambia nivue viatu. Sakafu ilikuwa ya mbao na ilipeleka kila hatua kwenye kipaza sauti. Msikilizaji wa Mji Mpya angedhani tunapigilia jeneza. Nikavua. Tangu siku ile mpaka nastaafu nilitangaza pekupeku. Najua wengi wenu mlidhani ni mambo ya kwa mganga.

Huyo ndiye Mzee Mloka, fundi mitambo wetu. Alikuwa fundi wa simu za reli kule Ngerengere kabla ya kuja kwetu, na aliheshimu mitambo kuliko watu, jambo ambalo nililielewa vizuri baada ya kukutana na mameneja. Alikuja kazini kwa baiskeli, mvua inyeshe jua liwake. Alinifundisha kusafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti, kurudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya risasi ili mota isichoke, na kuunga tepu iliyokatika kwa wembe na gundi ya karatasi. Alinifundisha pia kwamba mkono wa mtu wa redio lazima ujue kutulia. Kila kosa kubwa la hewani, alisema, linaanza na mkono uliogusa kitu kwa sababu tu kilikuwa karibu. Nimewaona ninyi na simu zenu na namkumbuka sana.

Tulikuwa tunasikika Morogoro mji mzima na vijiji vya mlimani vinavyoutazama mji. Barabara ya Dar tulisikika mpaka Mikese. Ngerengere tulisikika kwa mtu mwenye antena ndefu na imani. Studio ilikuwa na deki mbili za kaseti, na mapema kabisa ya pili ikakatika mkanda wa ndani, ule unaozungusha tepu. Tukamwambia meneja. Meneja akasema tutaagiza. Neno hilo lilikaa pale ofisini muda mrefu kuliko meneja mwenyewe. Mzee Mloka hakusubiri. Alitoka nje, akafungua gurudumu la nyuma la baiskeli yake, akakata ukanda mwembamba wa tyubu, akauunga kwa solusheni ya kuzibia pancha, akaufunga ndani ya deki. Jioni ile alirudi kwao kwa miguu, anasukuma baiskeli. Deki ikazunguka. Mimi, binti wa juzi, nikathubutu kusema kwamba inakokota.

"Haikokoti," akasema. "Inapumua."

Basi ikawa hivyo. Taarabu, dansi na bongo fleva vikapewa deki ya kwanza, maana msikilizaji anazijua nyimbo zake na angetupigia. Shehe na padri pia wakapewa deki ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kumpunguzia shehe mwendo. Deki ya pili ikabakiwa na kantri, zile nyimbo za wazungu wachunga ng'ombe. Mzee Mloka aliona hilo ni sawa kabisa. Alisema hawa watu wanaimba kama wanaokimbilia treni, na yeye treni anazijua, haziondoki kwa wakati.

Kaseti zenyewe zilikuja kwenye boksi, zimeachwa na padri mzungu aliyehama. Lebo zilikuwa zimefutika, kwa hiyo waimbaji tukawapa majina kutokana na picha. Alikuwapo Mama Pindo, alikuwapo Masharubu, na alikuwapo Kofia, ambaye kwenye picha kofia ilimshuka mpaka puani. Kofia aliwashinda wote. Alikuwa na wimbo wa mtu anayemngoja mkewe darajani, sisi tuliuita Wimbo wa Daraja, na ulipopita kwenye deki ya pili sauti yake ilitoka nzito, taratibu, kila neno likikaa chini kwanza kabla ya kuondoka. Baadaye tulilipata jina lake halisi. Hakuna aliyelitaka.

Nikapewa kipindi cha Jumapili mchana, nikakiita Mizani. Utaratibu ulikuwa rahisi: mwimbaji mmoja, wimbo wake wa zamani, wimbo wake mpya ulioletwa na wafanyabiashara wa kaseti kutoka Dar, kisha watu wanatoa hukumu. Mwanzo walituma kadi za salamu, baadaye wakapiga simu. Nilitegemea wahadhiri wa chuo na wazee waliosoma Ulaya. Nikapata hao, nikapata na madereva wa malori, wauza mitumba, masista wa misheni, na mtu mmoja wa Bigwa ambaye alipiga kila wiki kusema hana maoni. Mashabiki wakubwa walikusanyika kwenye baraza la duka moja karibu na soko kuu, redio juu ya kreti la soda, kila mmoja na kofia yake pana ya wachunga ng'ombe iliyotoka kwenye marobota ya mitumba. Sheria yao ilikuwa moja. Ukipigwa wimbo wa zamani unavua kofia, ukipigwa mpya unaivaa. Kwa hiyo hata kiziwi aliyepita sokoni alijua tumefika wapi.

Wawili kati yao lazima niwataje. Mwalimu Ngowi alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, mtu wa Moshi aliyeletwa Morogoro na serikali akaikataa nauli ya kurudi. Alivaa buti ndefu Januari mpaka Desemba na alikuwa upande wa nyimbo mpya, kwa sababu, alivyodai, mtu msomi hakai nyuma. Mama Tunu alikuwa muuza vitumbua wa Mji Mpya, mwanamke mnene mwenye haki zake zote, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na alizijua nyimbo zote za Kofia neno kwa neno kama anavyojua dua. Yeye alikuwa wa zamani. Waligombana kila Jumapili, na kila Jumapili Mwalimu Ngowi alikula vitumbua vya Mama Tunu kwa mkopo wa mdomo mtupu. Siku alipougua malaria na kukosa kuja, Mama Tunu alipiga simu hewani kuuliza nani sasa atamkosoa.

Wa tatu alikuwa Shabani, mkulima wa Choma, kijiji kile cha juu mlimani. Aliteremka na kabichi na karoti kwa mzega, ule mti wa begani wenye mizigo mbele na nyuma, akauza, akakaa barazani mpaka Mizani iishe, akapanda tena. Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia ya kwao. Huko shambani alikuwa na redio inayofungwa kwa mpira, na kwa redio ile alijifundisha kuimba kama Kofia. Maneno alielekezwa na Mwalimu Ngowi, moja moja, kwa malipo ya karoti. Mara ya kwanza nilipomsikia akiimba Wimbo wa Daraja nilikuwa nimempa mgongo, nikageuka nikidhani redio imewashwa. Ilikuwa sauti ile ile, uzito ule ule, kutoka kwa mtu mwembamba aliyevaa raba zilizotoboka. Tangu hapo aliitwa Kofia wa Mlimani, na hapakuwa na harusi ya maana upande ule aliyokosa kuimba. Hakuna aliyejali kwamba mke wa darajani haji mpaka wimbo unaisha.

Kisha ikaja kompyuta. Meneja mpya aliileta ikiwa imefunikwa kitambaa kama bibi harusi, ndani yake nyimbo zote za dunia, pamoja na za Kofia, za zamani na mpya. Deki zote mbili zikaondolewa mezani. Jumapili ile nikafungua Mizani kwa fahari, nikapiga Wimbo wa Daraja kutoka kwenye kompyuta. Ikatoka sauti ya kijana mwembamba mwenye haraka, kama amewekewa moto chini ya kiti. Hata mimi nilitazama kuona nimebonyeza nini. Simu zikaanza kulia kabla hajafika darajani. Mmoja akauliza mbona tumemweka mdogo wake. Mwingine akauliza kama Kofia ana mafua. Nikapiga wimbo mpya ili kutuliza mambo, nao ukatoka na sauti ile ile ya kijana. Pale barazani, niliambiwa, watu hawakujua kofia wavue au wavae.

Nilikwenda kwa Mzee Mloka, aliyekuwa akila muhogo nje. Nikamweleza. Alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni. Basi pale pale nikaelewa. Kofia hakuwahi kuimba hivyo. Deki ilikuwa inazunguka pole kuliko inavyotakiwa, na deki ikizunguka pole wimbo unakuwa mrefu na sauti inashuka. Mji wote wa Morogoro, huo unaoitwa mji kasoro bahari, na milima yake, ulikuwa umempenda mtu ambaye hayupo. Kaseti za Dar zilikuja studio tu, na kila kaseti nyingine ya Kofia mjini ilikuwa imerekodiwa kutoka redioni kwetu, kwa hiyo hapakuwa na wa kutusuta.

Jumapili iliyofuata nikasema ukweli hewani. Nikaeleza deki, mkanda, tyubu, baiskeli. Nilieleza vizuri, kwa upole, kama mtu anayewaambia watoto kwamba bibi hatarudi. Halafu akapiga Mama Tunu.

"Da Zena," akasema, "mtu kubadilika sauti ni mambo ya dunia. Lakini usije ukaniambia sauti ya mwanamume mzima imetoka kwenye baiskeli."

Hakuna aliyeniamini. Mwalimu Ngowi, ambaye nilimtegemea, alieleza kwa utaratibu kwamba Kofia ameacha pombe, koo limekauka, na zile nyimbo za zamani amezirekodi upya ili ahubiri kwazo. Mama Tunu alisema ni mke mpya, anamharakisha. Yule wa Bigwa akapiga kusema hana maoni. Mabishano ya Mizani yakawa vita kamili, Kofia wa zamani na Kofia wa sasa, na wote wawili walikuwa mtu mmoja anayeimba wimbo mmoja siku moja. Nimefanya kazi na wanasiasa, mashehe, wachungaji na waganga wa kienyeji. Sijawahi kuona watu wenye imani kama mashabiki wa kantri. Mwisho meneja alichoka na simu, akaamuru deki ya pili irudishwe mezani, Jumapili tu. Kofia zikavuliwa. Amani ikarudi.

Mzee Mloka alistaafu akaendelea kuja kila Jumamosi kuisafisha deki ile, hakuna aliyemwomba. Alipofariki tulimsindikiza Ngerengere, na siku ya maziko Shabani aliteremka mlimani akaimba kwa sauti ya chini pembeni ya barabara, baada ya dua, akisema mzee alikuwa na sikio. Baada ya hapo sikuruhusu mtu afungue kifuniko cha deki. Lakini mpira ni mpira. Mwaka wangu wa mwisho kazini mkanda ukapasuka katikati ya Wimbo wa Daraja, na Kofia akanyamaza kabla ya kufika kwenye maji. Nilijaribu kukata tyubu nyingine, mpya na kuukuu. Moja ilimfanya Kofia ng'ombe, nyingine ikamfanya mtoto. Kaseti za majumbani zilishaliwa na panya na wajukuu. Sauti ile sasa ilibaki kwenye koo la mtu mmoja, na mtu huyo magoti yake yalikuwa yameshasema imetosha.

Hilo la magoti si utani. Shabani alikuwa amebeba mzega tangu ujana, na njia ya Choma haina huruma. Daktari alimwambia aache kupanda mlima. Daktari hakumwambia ale nini. Wakati huo huo redio ikawa inaandaa sherehe ya kuadhimisha kuanzishwa kwake, ikaita bendi ya kantri kutoka Dar, inayoongozwa na kijana mmoja anaitwa Meshaki, mtu wa adabu na vyombo vizuri. Meshaki alikuwa amesikia habari za Kofia wa Mlimani. Akatuma neno kwamba mzee aimbe na bendi Wimbo wa Daraja, na akifanya vizuri atampa nafasi ya kuimba kila mwisho wa wiki kwenye hoteli wanayopiga, na pa kulala. Shabani alinijia na habari hiyo ameshika fimbo. Hakusema sana. Alisema tu kwamba akikosa hili, itabidi auze shamba, kwa kuwa hawezi tena kuliteremsha sokoni.

Mazoezi yalifanyika studio, siku moja kabla. Bendi ikaanza, Shabani akaingia, na kabla ya ubeti wa kwanza kuisha bendi ilikuwa ng'ambo ya pili ya daraja na yeye bado anashuka mlima. Meshaki akasimamisha, akasema kwa heshima kwamba mzee yuko nyuma. Wakarudia. Mzee yuko nyuma, na yuko chini. Wakarudia tena. Hatimaye Meshaki akatoa simu, akamwekea Kofia mwenyewe, yule mwembamba. Shabani alisikiliza mpaka mwisho, kofia yake iko gotini. Kisha akanitazama mimi.

"Huyu simjui," akasema.

Nikavuta kiti. Nikamweleza tena habari ya deki, kama nilivyoieleza hewani, na safari hii hakukuwa na baraza la kumsaidia kukataa. Nikafungua kifuniko, nikamwonyesha kipande cha tyubu kilichopasuka, kikiwa bado na alama ya solusheni. Alikishika muda mrefu. Niliona aibu, ingawa sikuwa nimekosa kitu. Ni vibaya kumvua mtu Mungu wake siku moja kabla ya sala.

"Sasa Da Zena, mie nimemfuata nani miaka yote hii?"

"Mzee Mloka," nikasema. "Na baiskeli yake."

Akauliza kama mzee mwenyewe alijua. Nikamwambia alichonijibu siku ile ya kwanza niliposema deki inakokota. Shabani akatikisa kichwa polepole, akakirudisha kile kipande mkononi mwangu, akavaa kofia.

"Basi siwezi kukimbia," akasema.

Meshaki alikuwa amesikia yote. Aliguswa, sitamsingizia, lakini alikuwa na bendi ya kulisha. Alisema akipiga kwa mwendo ule watu watalala wamesimama. Nikamwambia mwenda pole hajikwai. Akaniambia pia hafiki. Hatukuelewana. Akasema tutaonana jukwaani, na mzee ajitahidi kushika mwendo. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na watu wote walio hai na Mzee Mloka.

Sherehe ilifanyika Jumapili mchana, kwenye uwanja wa wazi, jukwaa likiwa limeipa mgongo milima. Mimi nilikuwa kwenye mikseri, pekupeku kwenye nyasi, natangaza huku naongoza sauti. Mama Tunu alikuja na kiti chake cha plastiki akakiweka mbele kabisa. Mwalimu Ngowi alisimama nyuma yake na buti zake, sasa anatembea na mkongojo uliofungwa tai ya kamba, ile ya waimbaji wa kantri. Uwanja ulijaa. Shabani akapanda jukwaani kwa shida, ngazi moja, apumzike, ngazi nyingine. Bendi ikaanza, kwa mwendo wa Dar.

Shabani alishika kipaza sauti, asiimbe. Bendi ikazunguka mwanzo wa wimbo, ikafika pa kuingilia, yeye kimya. Wakazunguka tena. Meshaki akamkonyeza, akamwinulia kidevu, akamwonyesha kwa mkono. Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nilikuwa nayaona magoti yale, shamba lile, hoteli ile, vyote vikiondoka. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi za mikseri. Ningeweza kuizima bendi yote kwa kidole kimoja. Nikakumbuka habari ya mkono kutulia, nikauacha hapo hapo.

Aliyeanza ni Mama Tunu. Alianza akiwa amekaa, hakuinua hata mkono, kwa ule mwendo wa deki ya pili, mzito, Kiingereza chake kikiwa kile alichoumbiwa na redio yetu. Mwalimu Ngowi, mtu wa nyimbo mpya, akavua kofia, akaingia naye. Kisha watu wa barazani. Kisha sauti kutoka nyuma, wa Kilakala, wa Mji Mpya, wa Bigwa, walioteremka Choma na matenga yao, na vijana wa bodaboda ambao hawajawahi kuona kaseti lakini walinyonya huku mama zao wamefungulia Mizani. Uwanja mzima ukaimba Wimbo wa Daraja polepole na kwa chini, wanawake kwa wanaume. Maneno walikosea, lakini walikosea yale yale. Na hapo ndipo Shabani alipofumba macho akaingia.

Bendi ilikuwa bado inakimbia peke yake. Sasa mkono wangu ukawa na kazi. Nikaishusha bendi kidogo tu, wasikie wanaimbiwa nini. Mpiga ngoma ndiye aliyesalimu amri kwanza, akapunguza, akapunguza tena. Besi likamfuata. Meshaki alikuwa wa mwisho. Aliinamia gitaa lake kama anayetafuta kitu alichoangusha, na aliponyanyua kichwa alikuwa nasi. Sauti ya Shabani ikatoka ardhini ikapita juu ya watu ikagonga mlima, na mimi nikamsikia Mzee Mloka akisukuma baiskeli yenye pancha kwenda kwao jioni ile. Nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nililia, na kipaza sauti changu kilikuwa wazi. Mliokuwa nyumbani mkadhani ni mitambo.

Wimbo ulipoisha Meshaki alinifuata kwenye mikseri akiwa ameloa jasho.

"Dada," akasema, "nani aliwafundisha mji mzima kukosea pamoja?"

Nikamwambia ni fundi mmoja wa simu za reli. Akamchukua Shabani wiki ile ile. Anaimba hotelini Dar kila mwisho wa wiki, amekaa kwenye kiti kirefu, magoti yamepumzika, na kabichi zinalimwa na mpwa wake. Nimepata habari kwamba watu wa Dar wanaupenda sana Wimbo wa Daraja, na wengi wao wanadhani ni wimbo mpya.

Mizani yangu ya mwisho ilikuwa wiki moja kabla ya kupewa saa ya ukutani. Nilipiga rekodi ya Shabani na bendi, nikapiga na ya Kofia mwenyewe kutoka kwenye kompyuta, nikafungua simu. Yule wa Bigwa alipiga kusema safari hii ana maoni, kisha chaji ya simu yake ikaisha. Baada yake akapiga bwana mmoja aliyesema anatusikia kwa mtandao kutoka Dar, shabiki wa kantri wa siku nyingi. Akasema ametusikiliza kwa makini. Akasema ule wa zamani, wa mwendo wa haraka, ndio wimbo, na huu wetu mpya, bila kumvunjia mtu heshima, unakokota.

Barazani, najua, kofia zote ziligeukia redio kuona nitasema nini.

"Haukokoti, ndugu yangu," nikamwambia. "Unapumua."

Nikafunga kipaza sauti, nikavaa viatu, nikaenda nyumbani.